Sahani ya Vittorio Emanuele

Mhudumu wa ikulu alikuwa anakimbia.

Gaspare Berruti, jasusi wa Mfalme Vittorio Emanuele, alikuwa nyuma yake, bastola ya Lefaucheux mkononi, wakipita chini ya matao ya barabara ya Via Po. Mji mzima wa Torino ulikuwa barabarani ukisherehekea Italia mpya. Watu wakadhani hao wawili wamelewa.

Kona. Kona nyingine. Ukuta.

Mhudumu aligeuka na kisu. Gaspare alimpiga ngwala, akamkalia mgongoni, akamfunga pingu. Kwa lafudhi tu alijua huyu si mhudumu. Alikuwa Liborio, mtu wa Napoli, kibaraka wa mfalme aliyepinduliwa kule.

"Umechelewa, mkubwa," Liborio alisema akihema. "Sahani ya Vittorio Emanuele nimeshaitia sumu ya arseniki. Italia yenu imekwisha kabla ya kahawa."

Gaspare alicheka mpaka machozi. Nani Torino asiyejua kwamba Mfalme hali chakula kwenye karamu? Hukaa na upanga wake, mikono juu ya mpini, anawatazama mabalozi wakitafuna, kisha huenda kula kwake. Sahani huwekwa mbele yake, sahani huondolewa. Wametoka Napoli kote huko na hilo hawalijui!

Kanali Rebaudengo, mkubwa wake, naye alicheka. Akaamuru Liborio atiwe mahabusu na karamu isivurugwe, mabalozi wasije wakashtuka. Kisha akamruhusu Gaspare akanywe.

Gaspare aliagiza glasi ya divai ya vermuti mkahawani. Haikushuka.

Sahani huondolewa.

Haya, ikishaondolewa inakwenda wapi?

Jikoni. Na jikoni alikuwa anaosha vyombo dada yake, Delfina, mjamzito, mumewe kafia vitani Gaeta akiipigania Italia hiyohiyo. Wapishi walimwonea huruma. Kila karamu, sahani ya Mfalme isiyoguswa walimwachia yeye. Kila Jumapili alimringia kaka yake kwamba anakula cha Mfalme. Gaspare alilisikia hilo mpaka akachoka kulisikia, na bado lilimpita. Mjinga mkubwa.

Alikimbia.

Langoni mwa ikulu askari alimzuia.

"Neno la siri?"

"Nipishe."

"Hilo silo."

Ngumi moja ya taya. Askari chini.

Ngazi. Moshi. Kelele za masufuria. Kule mwisho wa jikoni, Delfina alikuwa ameketi mbele ya sahani yenye nembo ya Mfalme, uma unashuka kwenye nyama. Gaspare alimwita. Hakusikia.

Gaspare alifyatua risasi.

Sahani ilipasuka vipande vipande. Juu ukumbini, balozi mmoja aliuliza kulikoni, akaambiwa imefunguliwa chupa ya divai ya povu ya Asti. Akaridhika.

"Una wazimu wewe?" Delfina aliuliza, vigae vimemjaa nyweleni.

"Ina sumu, dada."

Delfina aliweka uma chini.

"Umejua lini?"

Gaspare angeweza kudanganya. Kudanganya ndiyo kazi yake.

"Kabla sijaenda kunywa."

Kofi lilitua shavuni, mpaka wapishi wakainamisha vichwa.

"Mfalme hali," Delfina alisema, machozi yanamtoka. "Hilo mlilikumbuka. Na mimi ninayekula je?"

Gaspare aliona aibu, aibu tupu.

"Sasa nitakula nini? Tangu asubuhi sijatia kitu tumboni."

Mhudumu mmoja alikuwa anapita na sinia la mabalozi. Gaspare alimpokonya. Mkuu wa wahudumu akaja juu, akisema kwamba hicho ni chakula cha balozi.

"Balozi atasubiri."

Aliliweka sinia mezani. Akakata kipande, akala yeye kwanza. Akatafuna. Akameza. Akasimama pale, jiko zima likimtazama, mpaka alipojiridhisha kwamba bado mzima.

Kisha akamsogezea dada yake sinia, akafunga vifungo vya koti, akaondoka taratibu.