Mkono Uliofutwa Kwenye Wimbo

Thobias aliiona sufuria ikimponyoka mkewe mkononi. Aliiona kupitia mlango wa nyuma wa kibanda chake, ikidunda kwenye sakafu ya saruji na kubingirika mpaka kizingitini. Haikulia hata kidogo. Limi akainama kuiokota, akamtazama mumewe kwa mshangao, na Thobias, badala ya kushangaa naye, akashukuru moyoni kwamba kelele ya sufuria haikumharibia wimbo.

Ndivyo alivyokuwa, na tusimpambe. Alikuwa na kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu na flashi pale Rwamgasa, karibu na makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu, mahali ambapo wachimbaji hufika na vumbi mpaka kwenye kope wakitaka singeli. Aliwauzia walichotaka. Masikio yake mwenyewe alimwekea mtu mmoja tu, Makoye, mpiga gitaa wa Shinyanga aliyekufa maskini, asiyetajwa redioni wala kwenye baraza za wanaojiita wajuzi wa dansi. Makoye hakuwa na mbwembwe. Alizigusa nyuzi za chini polepole, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la ndugu yake, halafu uzi wa juu ukaja peke yake ukamkaa msikilizaji kifuani. Thobias alikuwa akisema kwamba nchi iliyomwacha mtu yule azikwe kwa mchango wa majirani haistahili kuwa na masikio.

Ila kanda za Makoye zilikuwa na manyanga. Kwenye kila wimbo, mwanzo mpaka mwisho, mtu alitikisa manyanga ya vibuyu, yale ya waganga, chaka-chaka-chaka, bila huruma, hata pale gitaa lilipotulia kuvuta pumzi. Aliyeyatikisa alikuwa mke wa marehemu, Nyamizi. Enzi hizo watu wa redio walimwambia Makoye arekodi bila mkewe, nao wangezipiga nyimbo zake nchi nzima. Makoye alikataa, na kwa kukataa huko akafa bila jina.

Thobias alimfuata huyo bibi Shinyanga, kwenye chumba chake jirani na reli, akamwamkia shikamoo, akaomba kuzihamishia kanda kwenye kompyuta kabla hazijaliwa na ukungu. Nyamizi alimkabidhi zote.

"Zisikilize zilivyo, mwanangu," alimwambia. "Usiniondoe humo."

"Ndiyo, mayu," Thobias alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma, huku moyoni akisema, wewe ndiye uliyemwangamiza.

Sikio la kufa halisikii dawa. Alirudi Rwamgasa akafungua programu ile inayoutenganisha wimbo, gitaa kivyake na ngoma kivyake, akamtoa Nyamizi. Alimtoa kwa uangalifu, wimbo baada ya wimbo, hata mwangwi wake. Kilichobaki kilikuwa kitamu mno, na Thobias alikaa mbele ya spika akalia kama mtoto.

Akaanza kuwagawia wateja bure wimbo mmojawapo. Wengi waliufuta siku hiyohiyo. "Gitaa tupu, hakuna maneno, mtu utachezaje?" walimwambia, wakaomba singeli yao. Thobias aliwadharau sana kwa hilo. Kumbe dharau zao wenyewe ndizo zilizowaponya. Aliyenasa alikuwa mmoja, Amosi, mchimbaji wa duara la jirani, kama wanavyoliita shimo la dhahabu. Kila mchana alipotoka shimoni alikuja kuketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, wakasikiliza pamoja bila kuongea.

"Kaka, huu wimbo umeniletea amani nyumbani," Amosi alisema siku moja akicheka. "Mariana siku hizi simsikii kabisa. Anatwanga, simsikii. Nashtukia tu amesimama mbele yangu."

"Hata mimi wangu," Thobias akasema, wakacheka wote wawili.

Limi alikuwa anaanua nguo kwenye kamba. Aliwatazama, hakucheka.

Baada ya sufuria zilifuata ndala zake, zikawa hazipigi tena sakafu. Ufagio ukawa haukwaruzi. Alikohoa, na Thobias aliona tu mabega yakiruka. Ikaja na harufu, harufu ya tope bichi la chini kabisa duarani, ambako jua halijawahi kufika. Ilianza kwenye kona ya kitanda, ikahamia jikoni, ikakaa. Walifua mashuka na kumwaga maji ya dawa, lakini harufu haikutoka, na Limi alisema kwamba inamfuata yeye. Ilikuwa mchana kweupe, jua la saa saba limesimama juu ya mabati, alipomsogelea mumewe mpaka midomo ikagusa sikio.

"Baba Nelly, kuna kitu humu ndani kinanifuta."

"Kinakufuta vipi?"

"Nimepiga kelele sasa hivi. Nimesimama nyuma yako nikapiga kelele mpaka koo likaniuma. Hukugeuka."

Thobias alimwambia ni uchovu. Alimwambia kuwa masikio yake mwenyewe yameharibiwa na makarasha. Alimwambia pia kwamba labda ni kumkumbuka mtoto, maana binti yao Nelly walikuwa wamempeleka kwa bibi yake mzaa mama huko Shinyanga, mbali na vumbi. Kisha akapunguza sauti ya spika kidogo, kidogo tu, akaona ametenda wema.

Wiki iliyofuata Mariana, mke wa Amosi, alikufa. Alikuwa mama lishe, na alipokuwa akikatiza kupeleka chakula kwa wachimbaji aliteleza kwenye shimo la zamani ambalo wenyewe walilitelekeza bila kulifunika, shimo lisilo refu, ambalo mtu mzima akiita kutoka ndani yake husikika mpaka barabarani, na hatua chache tu kutoka mdomo wa shimo hilo wanawake walikuwa wanaosha mchanga wa dhahabu asubuhi hiyo yote, wakipiga soga, wakigombana, wakiimba, na hakuna hata mmoja aliyesikia chochote, mpaka jioni mbwa alipokataa kuondoka pale. Walipomtoa, kucha zake zilikuwa zimeisha kwa kukwangua ukuta, na mdomo wake ulikuwa wazi kiasi kwamba hawakuweza kuufunga. Amosi alimshika taya akamwambia, "Mariana, umeita? Uliita, mama?" Halafu aliichomoa simu yake mfukoni, akaiweka juu ya jiwe, akaisaga kwa nyundo ya mwamba. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Thobias alirudi nyumbani mbio. Limi alikuwa ameketi kitandani, midomo inachezacheza, na hapakuwa na sauti hata alipomwinamia. Hata pumzi yake haikusikika. Thobias aliweka mkono kifuani kwa mkewe, akahisi moyo unadunda, akaweka sikio palepale, na ni kama ameliweka kwenye ukuta.

Kesho yake walikuwa Shinyanga. Limi alipiga magoti mbele ya Nyamizi akamwamkia, na bibi, aliyekuwa anamtazama midomo, akaitikia marahaba. Kisha akamgeukia Thobias.

"Umeniondoa."

"Mayu, nilitaka watu wamjue mzee. Nilitaka wamsikie yeye."

"Yeye?" Nyamizi alicheka vibaya. "Kaa chini. Makoye alikuwa mchimbaji kabla ya gitaa. Alifukiwa na duara huko huko kwenu, akakaa gizani mpaka ndugu wakamwekea matanga. Walipomfukua alikuwa hai, na vidole vyake vinajua gitaa, ambalo hakuwahi kulishika. Lililomfundisha lilitoka naye. Ni jini, na ni jini lenye wivu. Ukilipenda, halitaki usikilize mwingine. Litamfuta huyo mwingine kidogo kidogo, mpaka mbaki wawili, wewe na lenyewe. Mke wake wa kwanza aliugua akamwita usiku kucha, naye amelala ubavuni pake. Asubuhi akamkuta wa baridi."

Thobias aligeuka kumtazama mkewe.

"Nilipoolewa mimi, mganga wa kwetu aliniambia niingie ndani ya wimbo. Mkono wangu ukiwa humo, jini halitaweza kunitofautisha na lenyewe. Nikaingia. Unadhani nilipenda manyanga mimi? Tazama." Akamnyooshea mikono. Vidole vilikuwa vimepinda, havikunjuki. "Kila alipopiga nilitikisa. Nikiwa mgonjwa, nikiwa na mimba, nilitikisa. Wajuzi wakaniita kelele. Makoye alijua, ndiyo maana aliwakatalia watu wa redio. Alichagua mimi nisikike na yeye asisikike. Na wewe, mpenzi wake mkubwa, umekuja kunifuta."

Aliyatoa manyanga mvunguni mwa kitanda, akayaweka mikononi mwa Limi, akamwamuru Thobias aupige ule wimbo aliousafisha. Thobias alibonyeza simu. Gitaa likaanza, tamu kama siku ya kwanza.

"Tikisa," Nyamizi akanong'ona.

Limi alitikisa, na vibuyu havikulia, mbegu zilionekana kabisa zinavyohangaika ndani ya nyufa lakini ni kimya, na harufu ya tope bichi ikaingia chumbani kana kwamba sakafu imefunguka, na kuta zikaanza kutoa maji, na gitaa likaacha wimbo likaanza kupiga kitu ambacho Makoye hakuwahi kukirekodi, haraka, kwa hasira, nyuzi zikipanda juu ya nyuzi kama watu wengi wanaong'ang'ania kamba moja kutoka shimoni, na Limi akazidi kutikisa huku machozi na kamasi vinamtiririka, na Nyamizi ameishika mikono yake kwa vile vidole vyake vilivyokufa akiisukuma, akimwambia usiache, usiache, ukiacha umekwisha, na Thobias, aliyesimama pale akiona mkewe anapigania roho yake, alijikuta anainamisha kichwa kidogo kuelekea kwenye simu, kwa sababu hajapata kusikia gitaa likipigwa hivyo tangu azaliwe.

Nyamizi alimwona. Akamchapa kofi la uso.

Papo hapo vibuyu vikalia. Chaka. Halafu chaka-chaka-chaka, kali na chafu, na juu yake sauti ya Limi ikilia kwa kwikwi. Simu ilizimika yenyewe. Maji ukutani yakakauka kama hayakuwahi kuwapo.

Thobias alifuta kila kitu. Alifuta kwenye simu, akarudi Rwamgasa akafuta kwenye kompyuta na kwenye flashi, na kanda zenyewe akazirudisha kwa mwenyewe. Nyamizi alizipokea bila furaha.

"Wabeja," alimshukuru kwa Kisukuma. "Lakini jini halikai kwenye simu, mwanangu. Linakaa kwa anayelipenda."

Wakaishi vizuri kwa muda. Kibandani Thobias aliweka vocha na sabuni badala ya nyimbo. Limi alipika kwa makelele ya makusudi, akifunika masufuria kwa kishindo na kuburuta viti, na majirani wakalalamika, na yeye akawacheka kwa sauti kubwa ili ajisikie anacheka. Thobias alimpenda zaidi kuliko mwanzo. Alimwambia hivyo, na alikuwa anasema kweli.

Jioni moja walikuwa wanakula. Limi aliacha kula akamtazama.

"Unaimba nini?"

"Siimbi."

"Unaimba, Baba Nelly. Sasa hivi, puani. Jana uliimba ukinawa. Ukilala unaimba mpaka kunakucha."

"Mama Nelly, nakuapia, siimbi chochote."

Limi alichukua kijiko akagonga bilauri ya chai. Akagonga tena. Wote wawili waliitazama bilauri. Kutoka chini ya kitanda harufu ya tope ilianza kupanda, taratibu, kama mgeni anayejua kwamba mlango hauna komeo.

Limi hakupiga kelele wala hakulia. Alikwenda chumbani akafunga nguo zake kwenye begi, na kulipopambazuka alisimama mlangoni akamwinamia mumewe sikioni, maana ndiko peke yake alikobakia kusikika.

"Nikuulize kitu kimoja tu. Ukiambiwa uchague, mimi au ule wimbo?"

"Wewe," Thobias alisema.

Alisema vizuri, bila kutetereka. Lakini kabla ya kusema alisita. Hakusita sana, na mwanamke mwingine asingegundua. Limi aligundua. Aliinua begi lake akapanda bodaboda kwenda kutafuta basi la Shinyanga, kwa mwanawe, na wala hakugeuka nyuma.

Thobias alibaki barazani akilitazama vumbi la pikipiki. Alilia, na machozi yale yalikuwa ya kweli, asije mtu akasema hakumpenda mkewe. Nyuma yake nyumba ilikuwa na ukimya ambao haukuwahi kuwamo tangu waoane, hakuna ndala wala kikohozi, hakuna mtu anayeita Baba Nelly. Katikati ya ukimya huo gitaa lilianza polepole, kwa nyuzi za chini, na hapakuwa tena na sauti yoyote ya kulikatiza. Hakuwahi kulisikia vizuri namna ile.

Akaingia ndani, akafunga mlango. Kisha akazunguka akafunga na madirisha.