Walicheka Nilipotangaza Msiba

Wasomaji wenzangu, nina miaka sabini na moja. Ni mjane, naishi Nakawa hapa Kampala, na maisha yangu yote nimefundisha watoto Kurani. Alhamdulillahi, Mungu amenipa mengi. Lakini haya ninayowasimulia yananiuma mpaka leo...

Msikitini kwetu, mtu akifariki, mimi ndiye niliyekuwa nikitangaza kwenye kipaza sauti. Sisi maiti hatumlazi, tunazika siku ile ile. Kwa hiyo sauti yangu ikisikika, wachuuzi wa sokoni hufunika bidhaa zao na kuja kusali na kubeba jeneza.

Marehemu dada yangu aliniachia mwanawe, Twaha. Nilimlea kama wangu. Alipokua, yeye na wenzake walikodi chumba mtaa wa Kabalagala, wakabuni ufalme wa kisiwani ambao haupo popote duniani. Waliuita Zumarani. Ulikuwa na Mfalme Sururu, magazeti mawili yanayotukanana mtandaoni, na redio ya kasri. Watu walifuata habari hizo kwenye simu, wakafurahi.

Twaha akaniomba niwe msomaji wa redio hiyo. "Mjomba, Kiswahili chako ndicho cha kasri!" Nikakubali. Nilisoma kwamba mbuzi wa malkia ametoroka, kwamba gazeti moja limesema mfalme ana kipara na jingine limeapa ana nywele. Nilicheka nao. Kuna ubaya gani?

Kisha wakaamua mfalme afe.

Twaha alitaka nitangaze kama ninavyotangaza msikitini. Nikakataa.

"Mjomba, huyu ni mfalme wa hewani. Hata kaburi hana!"

"Basi asiye na kaburi hahitaji dua," nikamjibu. "Maneno yale ni ya wafu wa kweli."

Akaondoka zake. Nikadhani amenielewa...

Siku chache baadaye alikuja Mariamu, binti wa jirani yetu marehemu Hajati Zaituni. Alikuwa analia. Akanipa simu yake nisikilize.

Ilikuwa sauti yangu! "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun..." Halafu likapachikwa jina la Mfalme Sururu, lililokatwa kutoka kwenye zile habari nilizosoma. Nyuma yake ngoma, vicheko, na mbuzi akilia.

"Haji," Mariamu akaniuliza, "hapo sauti inapokatika, si pale ulipomlilia mama yangu?"

Ni pale pale! Siku ya msiba wa Hajati, Twaha alikaa karibu nami na simu mkononi. Kumbe alikuwa ananirekodi. Hajati yule yule aliyemlisha uji alipokuwa yatima! Mtu hutoa wapi moyo wa namna hiyo?

Nilipomkabili, hakuinamisha hata macho. "Mjomba, mbona unawaka? Ni kontenti tu. Watu wamependa!"

Wamependa... Nikamwacha, nikaondoka.

Wakati huo kilio changu kilikuwa kimeenea. Vibanda vya sokoni vilikipiga kwenye spika asubuhi hadi jioni, kati ya wimbo na wimbo. Nikipita, bodaboda wananiita, "Banange, jamani, Haji wa mfalme!"

Nilisubiri, nikimwomba Mungu subira. Kisha akafa rafiki yangu Farajala, mwadhini wetu tangu ujana wetu. Nikashika kipaza sauti. Nikatangaza. Sauti ikakatika...

Kutoka sokoni nikasikia kicheko. Mtu akapiga kelele, "Mfalme amekufa tena!"

Walidhani ni ile spika. Hawakufunika nyanya zao, hawakuja. Mtu aliyewaita watu kwenye sala maisha yake yote alisaliwa na safu moja ambayo haikujaa. Tulimbeba wazee watupu, bila wa kupokezana nasi, tukimweka chini kila mara tupumue.

Twaha alikuja baadaye kuomba radhi. Nimemsamehe, kwa sababu nami nahitaji kusamehewa. Lakini ile sauti haifutiki. Akiifuta huku, inalia kule.

Vijana, chezeni na wafalme wenu wa kubuni, lakini msiguse kilio cha mtu. Na ninyi wazee wenzangu, anayekuomba sauti yako, muulize kwanza ataipeleka wapi, hata kama ulimlea mwenyewe!

Kipaza sauti nimekiacha. Siku hizi kukiwa na msiba nachukua fimbo yangu, napita nyumba kwa nyumba nikibisha hodi. Wanafungua mlango, nasema maneno yale... na kila mmoja hunitazama usoni kwanza, kabla hajaamini.