Kikombe Kilichomwagwa Uwanjani

Uvumi ule Wamucii aliusikia sokoni Gatitu, akiwa amekaa juu ya gunia la viazi, na tangu siku hiyo haukumtoka kichwani.

"Mama Kagure, kwani hujasikia?" Watiri, muuzaji mwenzake, alimnong'oneza. "Huko Mweiga kuna mtoto alimaliza mbio, akanywa maji baridi, moyo ukasimama papo hapo. Ati wamemzika jana."

Wamucii hakuuliza ni mtoto wa nani. Mwenye mtoto mmoja, na mtoto mwenyewe ni mkimbiaji, haulizi. Huogopa tu.

Mtoto huyo, Kagure, alikuwa darasa la sita. Kila asubuhi alibeba kidebe cha maji hadi shuleni, kama wenzake wote, wakanyunyizia sakafu ya udongo ili vumbi litulie na funza wasizaliane. Jioni alifanya mazoezi na Mwalimu Ogutu. Mwaka huo Uhuru ulikuwa na umri wa miaka kumi hivi, na kiangazi kilikuwa kikali hata majani ya kahawa yakajikunja. Kagure alikuwa amechaguliwa kukimbia mjini Nyeri. Akishinda, angeenda mashindano ya mkoa.

"Siku ya mbio usiguse maji mpaka jua litue," Wamucii alimwambia. "Maji hugandisha moyo."

"Hata tone, mama?"

"Hata tone. Wala chai."

Siku ya mbio Wamucii aliacha viazi vyake na kumfuata mtoto uwanjani, amlinde kwa macho yake mwenyewe. Asubuhi Kagure alikimbia mchujo akafuzu. Fainali ilikuwa baada ya chakula cha mchana, na jua lilikuwa la utosi. Watoto walikunywa maji kwenye pipa, wakirushiana matone na kucheka.

"Wee Kagure, umekuwa ngamia?" rafiki yake Murugi alimtania. "Tutakupeleka Isiolo ukabebe mizigo!"

Kagure hakucheka. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Mwalimu Ogutu alichota maji kwa kikombe cha bati akamletea.

"Mama, mpe hata nusu. Mtoto amekauka."

Kagure alinyoosha mkono. "Mama, tafadhali. Kidogo tu."

Wamucii alikinyakua kikombe na kumwaga maji chini. Udongo ukayanywa mara moja.

"Mwalimu, wewe una watoto wengi darasani. Mimi niko na huyu tu. Sitamzika kwa ajili ya kikombe cha maji."

Mwalimu alichukua kikombe chake akaondoka, maana mtoto ni wa mamake. Kama Wamucii angejua yaliyokuwa mbele, angemlilia mwalimu amlazimishe kumpa mtoto maji.

Katika mzunguko wa tatu wa fainali, Kagure aliyumba kama mlevi, akaanguka kifudifudi. Wamucii alipofika, mtoto alikuwa akihema bila kupata pumzi, ngozi imekauka na kuwaka moto. Aliweka kiganja kifuani pake. Moyo ulipiga mbio na kwa unyonge, kama kifaranga kilichofumbatwa mkononi.

Hospitalini walimtundikia chupa ya maji ya kuingia mshipani. Wamucii aliketi sakafuni, kitambaa cha kichwa kimemwangukia mabegani. Muuguzi, Sista Nasirumbi, alimwinamia.

"Mama, alikunywa nini leo?"

"Hakuna, Sista. Nilimkataza, moyo usisimame."

Sista alivuta pumzi ndefu. "Mama, ukitaka kujaza pipa kwa debe, unaenda mtoni mara chache. Ukinyang'anywa debe ukapewa kikombe, je?"

"Nitakimbia huko na huko mpaka nianguke."

"Basi ndivyo moyo wake ulivyofanya. Mwili ukikosa maji, damu hupungua. Kila pigo la moyo linabeba kidogo, kwa hiyo moyo unapiga haraka zaidi, na mtoto anahema. Jasho nalo likikauka, mwili unaungua. Maji hayaui mkimbiaji, mama. Kiu ndiyo ilikuwa ikimuua."

Wamucii alitazama kiganja chake, kile kilichoshika kikombe.

Usiku ulipoingia, Kagure alifungua macho. Alimtazama mamake kwa hofu, kisha akauliza taratibu, "Mama, jua limetua?"

Wamucii alimnywesha funda moja moja, akilia bila sauti.

Kagure alipona, lakini hakukimbia tena mwaka huo. Mkoani alikwenda mtoto mwingine. Wamucii aliporudi sokoni, alimkuta Watiri akiwasimulia wanunuzi: "Hata yule wa hapa Gatitu, ati alikunywa maji kwa siri, moyo karibu usimame!"

"Uongo!" Wamucii alisema. "Hakunywa. Mimi ndiye niliyemnyima." Wanawake walitazamana, wakamwonea huruma, lakini hakuna aliyemwamini. Watiri akaendelea kupima viazi.

Basi Wamucii alikwenda shuleni, akasimama mbele ya watoto na videbe vyao, akawaambia alichofundishwa na Sista na alichojifunza mwenyewe:

Usikimbie ukiwa na kiu.

Usingoje mbio ziishe ndipo unywe. Kunywa kidogo kidogo kabla, katikati na baada.

Usinywe maji mengi kwa pupa, tumbo litakuuma.

Usinywe maji ya mtoni yasiyochemshwa.

Usiendelee kukimbia ukisikia kizunguzungu au moyo kwenda mbio kupita kiasi. Keti kivulini, mwite mtu mzima.

Usiamini habari ya kifo ambayo msimulizi hajui hata jina la aliyekufa.

Na siku ukiwa mzazi, usimwage maji ambayo mtoto ameyaomba.