Daktari wa Alhamisi

Jumamosi asubuhi nyumba ya daktari ilikuwa na raha yake. Mumewe, mwalimu wa hesabu, alikuwa uani akifua sare za shule na kuimba vibaya. Binti yao wa pekee, mwanafunzi wa darasa la sita, alikuwa akimenya viazi na kukipa kila kimoja jina la mwalimu wake. Mpita njia angesema hawa watu wamejaliwa, na asingekosea.

Daktari alitoka na kikapu kwenda gengeni. Bibi muuza vitunguu alimwongezea viwili bila kuombwa.

"Hivyo ni vya Alhamisi, mwanangu. Ile dawa imenituliza magoti, nalala kama mtoto."

"Alhamisi ipi, bibi?"

"Hii iliyopita. Au unatibu wengi mpaka unatusahau?"

"Alhamisi mimi huwa chuoni, bibi. Nafundisha wauguzi."

Bibi akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Nilikuwa pale kwenye benchi, koti lako naliona kwenye kioo cha mlango. Ukamtuma mtoa dawa aniambie niache kukaa kutwa kama kuku anayeatamia. Nani mwingine ana mdomo huo?"

Daktari naye akacheka. Yale yalikuwa maneno yake kabisa. Ila hakuyasema Alhamisi.

Sasa ndugu zangu, nisiwazungushe. Daktari huyu alikuwa na kosa moja, na alilifanya kwa huruma. Zahanati yao ilikuwa na daktari mmoja tu, yeye. Alipokubali kufundisha chuoni kila Alhamisi, aliona vibaya wagonjwa wa siku hiyo warudi mikono mitupu. Basi kila Jumatano jioni alichukua fomu tupu za dawa, akazitia sahihi na muhuri, akamwachia mtoa dawa kwenye droo. "Ni kwa wale wanaorudia dawa zao tu," alimwambia. Mtoa dawa alikuwa mtu mpole, msafi, wa miaka kumi kazini. Akaitikia.

Jumatatu daktari alifungua mafaili. Alikuta Alhamisi zimejaa. Watu wenye kikohozi, wenye vidonda, mama mjamzito mwenye kizunguzungu, wote wapya, wote wametibiwa na yeye. Mwandiko ulilala upande wa kushoto kama wake. Mwishoni mwa kila karatasi paliandikwa "arudi baada ya siku tano", kama anavyoandika yeye. Alitoa karatasi mbili, moja ya Jumanne aliyokuwapo na moja ya Alhamisi, akaziweka mezani sambamba. Akazitazama muda mrefu. Akashindwa kujua ipi ameiandika.

Alimwita mtoa dawa.

"Unaingia chumbani kwangu Alhamisi?"

"Naingia, daktari. Nafunga mlango, nakaa kidogo, najiuliza wewe ungesema nini, naandika kama unavyoandika. Halafu natoka nawaambia daktari amesema hivi. Wakijua hupo wanaondoka, na wengine wametoka mbali."

"Na koti?"

"Wewe mwenyewe unaliacha kwenye kiti."

"Kuna aliyelalamika?"

"Hakuna. Wanasema Alhamisi una upole zaidi."

Hapo ndipo angekomesha, enyi mnaonisikiliza. Hata mtoto mdogo angeona kwamba hapo ndipo mahali. Lakini wagonjwa walikuwa wamepona, chuoni walimsifu, na kusema kweli ilimpendeza kidogo kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. "Punguza," alisema tu. Jumatano akasaini tena. Siku nyingine alisoma karatasi ya Alhamisi akakumbuka kabisa sura ya mgonjwa, sauti yake, ulimi wake mkavu. Kisha akakumbuka kwamba hakuwepo.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, daktari alikuwa mbele ya darasa chuoni, simu ameizima. Saa hiyohiyo binti yake alipata homa shuleni na koo likamvimba. Mwalimu wa zamu akampeleka zahanati, ambayo haikuwa mbali, akamkalisha kwenye benchi na kurudi darasani. Mtoto wa daktari kwenye zahanati ya mama yake, nani angekuwa na wasiwasi?

Binti aliona koti jeupe nyuma ya kioo chenye ukungu, limeinama kidogo kwenye kiti.

"Mama," aliita.

Koti halikugeuka. Tangu mdogo alifundishwa kwamba mlango ukifungwa mama ana mgonjwa, haingiliwi. Akatulia. Mtoa dawa aliingia, akafunga, akakaa kidogo, akatoka na karatasi.

"Sindano moja tu, mwanangu, koo litafunguka."

"Ya nini?"

"Penisilini."

"Hiyo inanidhuru. Nilipokuwa mdogo nilivimba uso. Mama anajua."

"Mama yako ndiye aliyeandika. Tazama."

Binti akatazama. Sahihi ile aliijua kuliko jina lake mwenyewe. Ilikuwa kwenye kila ripoti yake ya shule tangu darasa la kwanza. Kama mama ameandika, basi mama anajua zaidi. Akapandisha mkono wa sare.

Mkunga wa chumba cha pili alisikia benchi likianguka. Alimkuta mtoto sakafuni, midomo ya bluu, pumzi inapiga mluzi, na mtoa dawa amesimama na bomba la sindano mkononi akisema, "Lakini ndivyo huwa anaandika. Koo na homa, ndivyo huwa anaandika." Mkunga alimsukuma pembeni, akampiga mtoto sindano ya adrenalini pajani, akamnyanyua miguu. Dakika zilezile, chuoni, daktari alikuwa akiandika ubaoni kwa herufi kubwa kwamba kabla ya dawa yoyote mgonjwa aulizwe ni dawa gani inamdhuru.

Mtoto alipona. Nawaambia mapema msije mkalia bure.

Jioni hospitalini, mumewe aliitoa mfukoni ile karatasi aliyopewa na mkunga, akainyoosha kwenye ukingo wa kitanda.

"Mama watoto, hii ni yako?"

"Sahihi ni yangu."

"Sikukuuliza sahihi. Nimeuliza, uliiandika wewe?"

Daktari akaigeuza karatasi kifudifudi. Binti akafumbua macho, akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Mama, nilikuita. Kwa nini hukugeuka?"

Nimewahi kusikia wazazi wakipewa habari nzito, lakini swali kama hilo sijasikia.

Asubuhi iliyofuata daktari alijishtaki mwenyewe kwa wakubwa zake, na leseni yake ikasimamishwa wakati wanachunguza. Kabla ya kukabidhi funguo alisimama mbele ya benchi lililojaa watu akawaambia ukweli: siku za Alhamisi hakuwahi kuwapo, hata mara moja. Watu walitazamana. Mwanamume mmoja aliyeshika mkono wa mwanawe akauliza polepole, "Basi mle ndani alikuwepo nani?"

"Hakuna mtu," daktari akasema.

Nusu yao hawakumwamini.

FUNZO

Sahihi ni ahadi kwamba nilikuwepo, nimeona, nimeuliza. Ukisaini karatasi tupu umewapa wengine uso wako wautumie, na hutajua wanaupeleka wapi. Haya si ya madaktari peke yao. Mwalimu anayejaza alama za mtihani ambao hakuusahihisha, mzazi anayesaini ripoti bila kuisoma, wote wameacha koti kwenye kiti. Huruma haiwi kisingizio. Kama hupo, sema hupo, watu watafute msaada mwingine. Nawe mgonjwa, usitibiwe na mlango uliofungwa: omba kumwona anayekutibu, na dawa inayokudhuru itaje hata mara tatu. Watoto wetu tuwafundishe kukataa pia, hata wakioneshwa jina la mama. Kwa maana mtoto akiona jina lako mahali, anaamini uko hapo, na anapandisha mkono wa sare.