Mchoro wa Mrija wa Arobaini na Saba

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare zake, Aluoch alikaa kando ya baba yake, nyumbani kwao Kyebando, akamtazama akifanya kazi kwenye kompyuta. Mzee Ochola alikuwa mkaguzi wa mirija. Huko viwandani alipitisha kipimo chembamba chenye waya ndani ya kila mrija wa shaba. Kipimo kilizungusha umeme kidogo katika shaba, na kompyuta ikachora mstari. Mrija mzima ulitoa mstari mnyoofu. Mrija uliolika, hata kama jicho halikuona kitu, ulitoa mstari uliopinda.

Jumamosi moja kompyuta ilikuwa na michoro ya mtambo wa kuchemshia maji wa kiwanda kimoja cha Luzira. Baba alipotoka kununua mkaa, Aluoch alifungua mchezo wa magari aliokatazwa. Aliposikia lango likilia, akaufuta mchezo kwa haraka, na mchoro wa mrija wa arobaini na saba ukafutika pamoja nao.

Alinakili mchoro wa arobaini na sita, akaupa namba arobaini na saba. Baba akarudi, akaipitia michoro yote, akatia sahihi ripoti: mtambo ni salama.

Jumatano mrija mmoja wa mtambo huo ulipasuka. Mvuke ukamchoma mwendesha mtambo, Ambroise, jirani yao aliyetoka Bukavu. Ulimbabua kifua na mkono wote wa kulia.

Ijumaa, Aluoch alimkuta Estelle, binti wa Ambroise, akikinga maji bombani.

"Baba anaendeleaje?"

"Wakimsafisha vidonda analia. Baba yangu, Aluoch! Sikujua kama anaweza kulia." Estelle alipangusa pua. "Na kiwanda kimemfukuza. Wanasema ni yeye aliyefungua mvuke kwa pupa, maana ripoti ya baba yako inasema mirija ilikuwa mizima."

"Nyie mabibi harusi, jerikeni limejaa!" mama mmoja alifoka kwenye foleni. "Au tuwaletee viti?"

Aluoch alirudi nyumbani bila maji, akamweleza baba yake yote. Mzee Ochola aliweka michoro miwili, mmoja juu ya mwingine. Ililingana kila nukta, na hakuna mirija miwili inayolingana hivyo.

"Ungeniambia siku ile, ningerudi Luzira kuupima tena," alisema. "Nusu saa, Aluoch. Nusu saa tu."

"Niliogopa utanichapa."

"Ningekuchapa. Na Baba Estelle angekuwa na ngozi yake. Mimi nami nilisaini bila kushtuka kuona michoro miwili pacha. Vaa viatu, twende."

Kiwandani, Mzee Ochola alisema mbele ya meneja kwamba ripoti yake ilikuwa mbovu. Mtambo ulifunguliwa. Mrija uliopasuka ulikuwa wa arobaini na saba. Ambroise alirudishiwa kazi yake, naye Ochola akanyang'anywa yake.

Jioni hiyo walikwenda hospitali. Aluoch alipiga magoti kando ya kitanda, akaeleza alichofanya, akaomba radhi.

"Inuka," Ambroise alisema polepole. "Jina langu umelirudisha, na hilo si dogo. Mkono huu huwezi kuurudisha. Kufuta kulikuwa kosa la mtoto. Kilichonichoma ni ile namba ya uongo uliyoiandika. Ukikosea, binti yangu, sema siku hiyohiyo, kabla mtu hajawasha mtambo."

Estelle, upande wa pili wa kitanda, aliendelea kumpepea baba yake. Hakumtazama Aluoch.