Kengele Iliyopoteza Ulimi

Asubuhi ya ukungu, Mwalimu Mkuu alivuta kamba ya kengele ya shule na kengele haikulia. Alivuta tena. Alipomulika tochi juu mnarani aliona kengele yenyewe ipo, inabembea kimya kama kitu cha ndotoni, ila ule ulimi wake wa chuma, mkubwa kama ngumi, haupo.

Siku hizo kengele haikuwa ya darasa tu. Tangu vita vianze, ndiyo iliyowaonya watu kwamba ndege zinakuja, wakimbilie ghala la chini ya shule.

Kufika saa tatu mwizi alikwisha kupatikana. Yaani watu walikwisha kuamua.

"Ni Mhunzi," alisema Mama Mkate, mwenye tanuri la mtaa. "Nani mwingine ana haja na chuma? Na mikono yake inanuka mafuta yale yale ya kanda la ngozi lililoshika ulimi wa kengele."

"Nililipaka mafuta juzi kwa sababu mlinituma," Mhunzi alijibu. "Chuma cha ngumi moja nifanyie nini? Kijiko?"

Hakuna aliyecheka. Walikata shauri kwamba kuanzia jioni ile Mhunzi asikanyage ghalani. Ndege zikija, atajua mwenyewe pa kujificha.

Uamuzi huo ulimchoma sana msichana mmoja aliyepewa jina la Pua kwa kuwa alijua kwa harufu jirani wanapika nini kabla sufuria haijachemka. Siku paa la kwao lilipoanguka, ni Mhunzi aliyemtoa kwenye kifusi akambeba mgongoni. Pua akapanda mnarani.

Juu, karibu na kengele, boriti zilizoporomoka kwa mtikisiko wa mabomu ya jana zilikuwa zimeacha mwanya mwembamba. Pua alipenyeza kichwa, mabega yakagoma. Lakini aliliona kanda la ngozi likining'inia, zima. Halikukatwa. Lilikuwa limefunguliwa taratibu, na mtu asiyejua haraka ni nini.

Alimkuta Mhunzi amekaa mbele ya moto uliozimika.

"Fundi, kanda ulilifunga vipi?"

"Mafundo matatu, moja juu ya jingine. Likichakaa nalikata. Kufungua mafundo sina subira nayo."

"Na ule mwanya, unapita?"

Mhunzi alilitazama tumbo lake. "Mwanangu, hata nikifunga kula mpaka vita viishe."

"Sasa kwa nini hukuwaambia?"

"Nikiwaambia mimi sipiti, watauliza nani anapita." Akashusha sauti. "Mimi mtu mzima. Niache nikae nje."

Pua alimjua mmoja anayepita. Alitembea kwenda nyumbani polepole, akipita madirisha yaliyozibwa kwa mablanketi, akitamani njia iwe ndefu zaidi.

Bibi alikuwa akifuma soksi za wanajeshi. Miguuni pake mdogo wake Pua, Kidoti, alikuwa akifanya kazi yake ya kila siku: kufumua sweta kuukuu na kufungua mafundo ya uzi, moja baada ya jingine, bila kuchoka. Kando yake mwanasesere amelazwa sakafuni, na kitanda chake cha boksi kina mgeni aliyefunikwa gubigubi. Pua aliinama. Boksi lilinuka mafuta yale ya kanda.

"Usimwamshe," Kidoti alinong'ona.

Jioni watu walijaa ghalani, na Mhunzi akabaki nje, mlangoni. Pua alipiga moyo konde, akasimama katikati na boksi lenye ulimi wa kengele mkononi, akaeleza yote: mwanya, mafundo, harufu. Mwisho akamtaja mdogo wake.

"Kwa nini, mtoto?" Mwalimu Mkuu aliuliza.

"Akilia, ndege zinakuja," Kidoti alisema. "Kila mara. Nimemlaza ili asiziite."

Hapo ndipo mngurumo wa ndege uliposikika.

"Wanangu wako tanurini!" Mama Mkate alipiga yowe.

Mhunzi alikwisha kuondoka. Walimsikia akikimbia mtaani, akigonga nyundo yake juu ya bomba la chuma, akiita nyumba kwa nyumba. Wa mwisho kuingia alikuwa yeye, na watoto wa Mama Mkate kwapani, mmoja huku, mmoja huku. Mama Mkate alimshika mkono wake wenye mafuta na kulia bila haya.

Mabomu yaliangukia mbali, ng'ambo ya mto. Kidoti alisikiliza, macho yamemtoka.

"Dada, kengele haijalia."

"Haijalia."

"Zimekuja bila kuitwa." Alilia kidogo. Kisha akamsogezea Mhunzi boksi. "Mwamshe, atuambie."

"Mimi sipiti kule juu," Mhunzi alisema. "Itabidi umwamshe wewe."

Kulipokucha Kidoti alipita mwanyani, kamba kiunoni, Mhunzi ameishika kwa chini. Alifunga mafundo matatu kama alivyofundishwa. Akafikiri kidogo, akaongeza la nne.