Pumzi Ndani ya Kibanda cha Bati

Kila siku jua likifika utosini, Tatu alimpelekea maji kondoo wa bibi yake. Siku hiyo, hapo kwao Kibuta, alikuwa amebeba kibuyu aliposikia kitu kinahema ndani ya kibanda kipya cha bati. He-he-he-he. Kasi mno.

Asubuhi alimfungia kondoo humo mwenyewe, ili acheze mdako na rafiki yake Zubeda bila kumchunga. Lakini pumzi hizi hazikuwa za kondoo anayemjua. Hakuna jani lililotikisika. Hata kuku walikuwa kimya.

Bibi Mwanahalima alifika, akafungua komeo. Kondoo alisimama shingo mbele, kinywa wazi, mbavu zikitetema. Aliwatazama kama hawajui.

“Nani amemfungia humu?”

Tatu alinyamaza.

“Komeo halijifungi lenyewe,” bibi alinong’ona. “Huyu amepandwa na pepo. Mwite mjomba wako aje na kisu, kabla pepo hajahamia kwako.”

Tatu alikimbia akilia hadi nyumba ya jirani, kwa mjomba wake. Yeye ndiye aliyemlea kondoo yule tangu akiwa mchanga.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Mbona unalia?”

Mjomba Pazi alikuwa msaidizi wa bwana mifugo bomani Kisarawe. Alipoelezwa, alikuja na kisu, akamshika kondoo masikio, kisha akakiweka kisu chini.

“Mama, huyu hana pepo. Anataka upepo!”

Wakamvuta hadi chini ya mkorosho. Tatu akampepea kwa ungo, mjomba akamnywesha maji kidogo kidogo.

“Kondoo hatoki jasho la kutosha kama sisi,” mjomba alieleza. “Akihema hivi, hewa hupita kwenye unyevu wa pua na kinywa, naye hupoa. Shika sikio. Damu imekimbilia humo ili itoe joto. Asubuhi za baridi hubaki ndani ya mwili, ndiyo maana masikio huwa baridi.”

Pumzi zikapungua. Lakini bibi bado alikitazama kibanda.

“Joto nimelielewa. Na aliyefunga mlango? Bado yupo hapa. Namhisi.”

Tatu aliacha kupepea, akaweka ungo chini.

“Yupo, bibi. Ni mimi. Nilitaka kucheza.”

Mjomba alikiokota kisu. “Umeona, Tatu? Joto lingemuua polepole. Kimya chako kilikaribia kumchinja leo hii. Ukikosea, sema mapema, tusaidiane.”

Tatu aliinama, akingoja kupigwa. Bibi akamshika bega.

“Sikuwa na hasira, mjukuu wangu,” alisema. “Nilikuwa naogopa.”